Halua ya Majirani

Larch Avenue, nje kidogo ya London
12 Oktoba 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ya Ijumaa nyumba nzima inasikiliza. Kaka Osama anakupigia ukelele sikioni kila ninalolisema, mwishowe nabaki na alhamdulillahi tu na simu inakatwa. Uliniambia niandike kwa mkono, kwa Kiswahili, kama ulivyokuwa ukiwaandikia wenzako waliobaki Tabora mlipohamia Oman. Basi mwanao ametii, japo mwandiko utakuchekesha.

Umeniuliza huku ninakoishi kukoje. Ni pazuri, Mama, na kimya. Nyumba zimejengwa mbilimbili, kila moja imeegemea mwenzake ubavuni, na ukuta katikati ni mmoja. Jirani akipiga chafya namsikia. Mbele kila nyumba ina kipande cha majani, na Jumamosi, mvua isiponyesha, watu wote wanatoa mashine wanayakata, hata kama yalikatwa Jumamosi iliyopita. Mapipa ya taka yana rangi, na kila rangi ina wiki yake. Hakuna aliyenifundisha. Nachungulia jirani katoa lipi, nami natoa hilohilo.

Saa moja asubuhi mtaa mzima unatoka. Wanakwenda stesheni kwa mwendo mmoja, mabegi mgongoni, macho chini, na treni inawachukua mjini kazini. Adham siku zake za mwanzo alikuwa akiwatolea salamu wote waliosimama kungoja treni, wakawa wanamtazama kama mtu aliyepoteza kitu. Sasa naye anatazama viatu vyake. Wakishaondoka, mtaa unabaki na paka, na wazee, na mimi.

Najua unachowaza. Daktari amenikataza ndege kwa ajili ya presha, kwa hiyo nitazaa huku mwezi wa tano, inshallah, na wewe unajiuliza arubaini yangu nitakaliwa na nani. Usiwe na wasiwasi, ninao watu. Bi Jean, wa mlango mwekundu ng'ambo ya barabara, huja karibu kila siku tukanywa chai saa nne. Bi Wendy, wa nyumba ya kona, kashaanza kuniwekea nguo za wanawe waliokwisha kukua. Tena yuko Mzee Derek wa ubavuni, ambaye hapiti bila ya kuniuliza hali. Kwa hivyo magoti yako yapumzike, Mama. Safari hii si ya lazima.

Adham anakusalimu sana. Nakubusu mikono.

Mwanao,
Khulood


Ibra
3 Novemba 2024

Khulood mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Barua yako imefika kwenye sanduku la posta la ofisini kwa Osama, na Alhamisi akaniletea. Nimeisoma mchana, nikaisoma usiku, na jana nimeisoma tena kwa miwani nyingine nione kama inasema vilevile.

Mwandiko wako ni wa kuku, lakini nimefurahi. Nimefurahi zaidi kwa hao wanawake. Nilikuwa nimeshamwambia Osama anishushie sanduku la safari kutoka juu ya kabati, nikaliweka uani lipate jua. Sasa nimemwambia alirudishe. Mtu akiwa na jirani anayekuja kila siku, mama mwenye magoti mabovu atakwenda kumzidishia kazi tu. Nimekuelewa, mwanangu.

Mimi huku sijambo kabisa. Badria, kama umjuavyo, saa nne haijapiga kashabisha hodi, na anakuja na wenzake wawili watatu. Tunakaa barazani, tunasengenya kidogo kwa kiasi kinachosameheka, tunamaliza dele zima la kahawa. Msichana wa kazi anachoka kuosha finjani. Usinifikirie kuwa niko peke yangu, maana nakujua, unaweza ukakaa huko unajikondesha kwa kuniwaza.

Sasa nisikilize. Haiwezekani watu wakutunzie mimba na mimi sijawashika mkono. Hajar, bintiye Badria, anakwenda London kwa mafunzo ya kazi yake mwezi ujao. Nimempa mabakuli matatu ya halua ya zafarani, na udi kidogo kila moja. Kila bakuli nimeandika jina. La Bi Jean nimelitia lozi nyingi kupita mengine kwa sababu ndiye anayekuja kila siku, wala wenziwe wasione vibaya. La Bi Wendy ni la sukari ya wastani, kwa ajili ya watoto. Mzee Derek nimemkadiria kuwa hana meno ya kutafuna lozi, la kwake halina.

Hii ni amana, Khulood. Usiionje, usimpe mwingine, usiiache mlangoni kama kifurushi cha posta. Imfikie kila mwenyewe mkononi mwake, umwambie imetoka kwa mama yako. Kisha uniandikie kila mmoja amesema nini.

Mama yako,
Shaikha


Larch Avenue
15 Desemba 2024

Wifi yangu Dalal,

Hii ni barua yako wewe, si ya Osama, na wala si ya Mama. Ukishaisoma ichane.

Nimejitia mashakani. Yako mabakuli matatu ya halua jikoni kwangu, kila moja lina jina kwa mkono wa Mama, na hakuna hata mmoja kati ya watu hao ninayemjua. Bi Jean yupo, kwa maana ya kwamba mlango mwekundu upo na mwanamke mwenye mvi hutokea pale kuokota chupa za maziwa. Jina nimempa mimi. Bi Wendy ni mama mmoja ninayemwona akiwapakia watoto garini. Mzee Derek ni kofia inayopita juu ya ua wa miti, wifi, sijawahi kumwona chini ya mabega. Tuna zaidi ya mwaka katika nyumba hii na kengele yangu haijawahi kuguswa ila na watu wa vifurushi.

Nilimwambia Mama uongo kwa sababu najua angekuja. Angejikokota na magoti yale kwenye ndege, akapanda ngazi za nyumba hii, akapata baridi, na yote kwa ajili yangu. Nilidhani nikimwonyesha kuwa ninao watu atatulia. Yeye akachukua watu wangu wa uongo akawapelekea halua ya kweli.

Nifanye nini? Kula siwezi, ni amana. Kutupa ndiyo usiseme. Adham anasema nimrudishie Hajar, lakini Hajar atamrudishia Mama, na hapo ndipo nitakapoumbuka. Na amana ya mtu asiyekuwapo mwenyewe ni nani?

Hilo moja. La pili ndilo linalonikosesha usingizi. Hajar alipoteremka kwenye treni na mzigo wake, nikamwuliza Bi Badria hajambo, na baraza lao la asubuhi na Mama linaendeleaje. Akanishangaa. Kanambia mama yake amehamia Seeb, huko Muscat, tangu mwaka jana kukaa na wajukuu, na kule Ibra mwezi uliopita alikwenda mara moja tu kuangalia nyumba, ndipo Mama alipowapa mzigo. Kanambia mtaa wetu mzima siku za kazi uko Muscat, watu wanaondoka Jumapili alfajiri na kurudi Alhamisi, na katikati ya wiki huoni gari uani kwa mtu.

Dalal, niambie kweli. Mama anakunywa kahawa na nani?

Wifi yako,
Khulood


Muscat
5 Januari 2025

Wifi yangu Khulood,

Mimi kuandika Kiswahili ni mtihani, unajua nilizaliwa huku, utanisamehe. Lakini kwa Kiarabu Osama angeisoma begani kwangu, basi najitahidi.

Ni kweli, yote aliyosema Hajar. Tumemwomba ahamie kwetu, sijui mara ngapi. Anasema nyumba ya watu haifungwi. Alituapisha, mimi na Osama, tusikwambie. Alisema, Khulood akijua hatakaa, atamwacha mumewe na kurudi, na mimi sikumlea ili awe mlinzi wangu.

Mara moja mimi nilipata likizo, nikaenda Jumatano bila ya kusema. Nikamkuta barazani saa nne, amevaa vizuri, dele liko mezani na finjani nne. Moja imetumika. Nikauliza wageni wameshaondoka? Akasema ndiyo, sasa hivi tu. Mimi sikuona mtu njiani, wallahi, hata paka. Nikakaa nikanywa finjani ya pili na ya tatu ili zile nyengine zisibaki safi.

Habari ya amana, mimi si shekhe. Lakini naona halua ya Mama si ya jina, ni ya mwanamke wa mlango mwekundu. Mlango unaujua. Nenda ukabishe, wifi, unaogopa nini, watakula wewe?

Na kitu kingine, sijui kama nasema sawa. Lile sanduku lilikaa uani juani siku mbili, na alikuwa anaimba. Ilipokuja barua yako akaliambia lirudi kabatini, na tangu siku ile haimbi. Kila mtu anasema ni magoti. Mimi sioni kuwa ni magoti.

Dalal


Larch Avenue
9 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Kwenye simu ya Ijumaa nilikwambia halua imefika salama, ukaniuliza Bi Jean kasema nini, nikajifanya sikusikii. Sasa nakujibu.

Hakuna Bi Jean. Sikuwa namjua mtu hata mmoja hapa. Majina yale niliyatunga dirishani, huku nikiwatazama watu wakitoa mapipa, na chai ya saa nne nilikuwa nikiinywa peke yangu. Nilikudanganya ili usijisumbue. Nisamehe, Mama.

Lakini amana nimeifikisha. Nilivaa shela yangu ya waridi, nikaanza na Mzee Derek kwa sababu yuko karibu. Alifungua mlango, akaona mwanamke mwenye shela kashika kitu mikononi, akaniambia nisubiri, akarudi ndani, akaja na sarafu kiganjani. Alidhani nachangisha sadaka. Nilipomweleza kuwa mimi ndiye wa upande wa pili wa ukuta wake, akawa mwekundu mpaka masikioni, akapokea bakuli, na asijue la kufanya na zile sarafu. Jina lake ni Keith. Meno anayo yote. Jumamosi iliyofuata nikasikia kelele nje, kumbe anakata ua wa miti upande wetu pia, wala hakubisha kusema kitu.

Yule niliyemwita Wendy sijui jina lake mpaka leo. Alipokea, akasema asante, akafunga mlango. Siku hizi akipita na gari hunipungia mkono.

Mlango mwekundu niliuacha wa mwisho. Mama, alifungua kabla sijabisha. Nikamwambia nina zawadi kutoka kwa mama yangu wa Oman, nimechelewa kuileta, na nikamweleza yote, uongo wangu na jina nililompa. Nilidhani atakasirika. Yeye akanambia, "Jina langu Maureen. Na mimi nilikuwa nakuita Rosie, kwa sababu ya hiyo shela yako. Ingia ndani, baridi."

Nikaingia. Halua aliipaka juu ya mkate kama siagi, sikuwa na moyo wa kumkataza, akala vipande viwili akauliza kama nawe unaipaka hivyo. Nikasema ndiyo. Huo ndio uongo wa mwisho katika barua hii.

Kanambia mambo niliyokuwa siyajui. Mumewe alipanda treni ile ya asubuhi miaka yote ya kazi yake, na waliokuwa wakisimama naye kungojea treni walikuja kwenye maziko, na kila mmoja alijitambulisha kwake kwa kusema alikuwa akisimama wapi. Kanambia kila asubuhi hutazama kama nimefungua mapazia. Mwezi wa kumi, siku niliyolala na presha nisiweze kuinuka, alivuka barabara, akafika mpaka kwenye geti letu, akasimama, akarudi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema hakutaka kunisumbua. Huku, Mama, watu wanaogopa kusumbuana kuliko wanavyoogopa wezi. Mimi nilikuwa nikidhani hawanioni, kumbe wananiona kila siku, ila hawana ruhusa.

Sasa anakuja kweli, Jumatatu na Alhamisi. Kengele anaibonyeza mara moja tu, halafu anarudi nyuma hatua chache, kama mtu aliye tayari kufukuzwa.

Na mimi najua habari ya Bi Badria, Mama. Usimgombeze aliyeniambia. Najua kuwa mtaa uko Muscat na baraza ni tupu. Mimi nilikudanganya ili usije, nawe ukanidanganya ili nisirudi, na tumekaa hivi kila mmoja akimwonea mwenziwe huruma kwa mbali.

Nataka kukuambia jambo moja bila ya uongo ndani yake. Barua ya kwanza nilikuandikia kuwa ninao watu, kwa hiyo usije. Leo ninao, wa kweli, watakaonitazamia mapazia na kunipeleka hospitali Adham akiwa kazini. Na bado nakutaka wewe. Nataka wewe ndiye umwogeshe mtoto, unifunge tumbo, unigombeze nikinyanyua ndoo. Si kwa kuwa sina mtu. Nakutaka kwa kuwa wewe ndiye mama yangu, na naogopa.

Njoo, Mama.

Khulood


Ibra
25 Februari 2025

Khulood mwanangu,

Marahaba.

Nimekasirika siku moja nzima, na nataka ujue hivyo. Nilimkasirikia huyo Jean zaidi kuliko wewe, maana nilishamzoea. Nilikuwa nikimwombea dua. Nimeona dua zile nimpe Maureen, Mungu anajua nani ni nani. Lakini halua juu ya mkate, Khulood, na wewe unatazama.

Ya Badria ni kweli. Wa mwanzo kuhama alikuwa yeye, kisha wengine. Hawakuhama hasa, wana nyumba zao hapa na funguo wanazo, ila maisha yao yako Muscat, na hapa wanakuja kulala Ijumaa. Ulipoandika kuhusu watu wa huko wanaotoka na mabegi asubuhi, na mtaa unaobaki na paka, niliweka barua chini nikacheka peke yangu. Nilitaka kukujibu kwamba naujua mtaa huo, ninaishi ndani yake. Sikuweza, kwa kuwa ningekwambia hivyo usingelala.

Sasa na mimi nikwambie langu. Barua yako ya kwanza ilinifanya nilie. Msichana wa kazi alidhani mtu amekufa, nikamwonyesha kwa mikono kuwa ni furaha. Haikuwa furaha. Nimezaa watoto, nimewakalia arubaini wake za watu na binti za watu, Tabora na hapa, wengine si damu yangu, na nilikuwa nimejiwekea moyoni kwamba ya mwisho kabla sijafa itakuwa ya kitindamimba wangu. Halafu nikasoma kuwa mwanangu anazaa, ana watu, na mimi nipumzike. Neno hilo ndilo linaloniudhi. Kila mtu ananiambia nipumzike. Osama ananiambia, daktari ananiambia, hata Dalal, na ndiye mwenye akili kati yao. Nimepumzika, Khulood. Nimepumzika mpaka nimechoka. Nilikuwa nakaa hapa nangoja mtu mmoja tu aniambie ananihitaji, na sikutaka kumwomba.

Basi usinihurumie tena, wala mimi sitakuhurumia. Ukiumwa andika unaumwa. Mimi magoti yananiuma, la kushoto zaidi, na ngazi zako nitazipanda kwa makalio kama mtoto ikibidi.

Ramadhani iko mlangoni. Nitafunga hapa, nitasali Idi, kisha nakuja, inshallah. Kibali cha kuingia huko Osama amekipata kwenye simu yake, siku hizi ni mambo ya dakika. Nimewaambia wanitakie kiti cha magurudumu uwanja wa ndege, sioni haya. Ninacho kitambaa cha kukufunga tumbo, ninao uwatu wa kukuletea maziwa, na samli nimeificha ndani ya nguo, kama wataitoa waitoe.

Osama alikuwa akijaza tikiti akaniuliza aandike narudi lini. Alitaka tarehe. Nikamwambia mtu aliyealikwa ndiye anayeulizwa anarudi lini, na mimi sikualikwa, nimeitwa na mwanangu.

Mama yako,
Shaikha